Wazee wa Buhaya na tanuri la chuma

Wazee wa Katuruka, karibu na Bukoba, walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma apate kufika mbinguni, nao ukaanguka. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alichimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Umri aliotangaza, wa karne kadhaa kabla ya Kristo, umezua ubishi mkubwa. Lakini aliyejua pa kuchimba alikuwa mzee wa Kihaya.

Mwaka 1976 Wahaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani waliombwa na Schmidt kujenga tanuri upya. Kazi hiyo walikuwa wameiacha miongo mingi, tangu majembe na vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya vilipojaa madukani. Walijaribu, wakarekebisha, wakajaribu tena. Shimo walilikandika kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza majani ya kinamasini yaliyochomwa yakawa meusi. Juu yake walijenga tanuri kwa udongo na mabonge ya taka za chuma za zamani. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza kwa kuni, ndipo yakatiwa pamoja na mkaa. Mirija ya udongo ilisukumwa hadi ndani kabisa ya tanuri, na vijana wakapuliza mivukuto ya ngozi ya mbuzi kwa saa nyingi. Kilichotoka ni bonge zito lenye matundu, lililohitaji nyundo na moto mwingine kabla ya kuwa chombo.

Schmidt na mhandisi Donald Avery walieleza katika jarida la Science, mwaka 1978, kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kufika kwenye mkaa, na kwamba watu wa ufuko wa Ziwa Victoria huko Buhaya walitumia ufundi wa namna hiyo miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine walilipinga dai la hewa ya moto. Makala ile ina majina ya waandishi wawili. Mimi nawahesabu wazee wale kuwa walimu wao.

Kuyeyusha kulikufa, kufua kukabaki. Mhunzi hakuhitaji tena mawe: jembe lililokwisha liligeuzwa kisu, na magari yalipoanza kuchakaa springi zake zikawa mali. Chuma cha springi ni kigumu na kina kaboni ya kutosha, kwa hiyo panga lililofuliwa nacho, likazamishwa majini likiwa jekundu, kisha likapashwa moto kidogo lisivunjike, hushika makali muda mrefu.