"Sawa": Neno la ulinganifu lililogeuka kuwa neno la kukubali

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mazungumzo mengi ya Kiswahili huishia kwa neno moja: "sawa". Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hulitumia bei inapopatana sokoni au ahadi inapowekwa.

Asili yake ni neno la Kiarabu "sawaa", lenye maana ya ulinganifu. Liliingia katika Kiswahili kupitia pwani, na maana hiyo ya kwanza ingali hai: usawa wa bahari, kusawazisha udongo, bao la kusawazisha. Kutoka kwa vitu viwili visivyopishana, neno likahamia kwa watu wawili wasiopishana kauli.

Mashariki mwa Kongo limebaki pia na kazi ya kulinganisha. Msemaji wa Bukavu husema "sawa vile" pale ambapo Mtanzania angesema "kama vile".

Jirani yake katika Kichewa ni "chabwino", neno lililojengwa juu ya "bwino", yaani vyema. Mchewa hukubali jambo kwa kuliita jema. Mswahili hulikubali kwa kuliita linganifu. Katika kukubali jambo, maneno hayo mawili yanaweza kubadilishana nafasi.

Hata hivyo, "sawa" ina matumizi ya tatu: kuonyesha kwamba msikilizaji anafuatilia. Anayeelezwa jambo na afisa huitikia "sawa" kila baada ya sentensi, kwa adabu, kabla hata hajaamua anakubali au anakataa. Sokoni, kutoelewana kwa namna hiyo hurekebishwa papo hapo. Katika mahojiano ya kuomba hifadhi au ya kuhamia nchi ya tatu, hali ni nyingine. "Sawa" ya kusikia ikiandikwa kuwa ya kukubali, maelezo ambayo mtu aliyasikia tu huonekana ameyathibitisha, na kuyakanusha baadaye kunaweza kumfanya aonekane kigeugeu.

Kinga yake ni nyepesi. Mkalimani anaweza kuuliza: "Sawa umeelewa, au sawa umekubali?" Naye anayehojiwa ana maneno yasiyo na utata: "nimeelewa", "nakubali", "sikubali". "Sawa" inaweza kusubiri mpaka pande zote mbili ziwe zimelingana kweli.