Kijiji cha Rika: Mahali na Watu katika Unyakyusa

Mtu akitaka kukijua kijiji, huuliza mambo matatu: kipo wapi, kina watu wangapi, na watu hao wanasema lugha gani. Maswali hayo yanafaa kwa kijiji kidogo cha wasema Kiajemi huko Iran, na yanafaa pia kwa Kyimo, kando ya barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, wilayani Rungwe, penye migomba na mvua nyingi. Lakini kwa Wanyakyusa majibu yake hayatoshi, kwani zamani kijiji chao hakikuunganishwa na ukoo. Kiliunganishwa na umri.

Desturi ilikuwa hivi. Mvulana alipofikia miaka 10 au 11, aliacha kulala nyumbani kwa wazazi wake. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao. Mwanzoni walikuwa wachache, wapatao kumi hivi. Kisha wadogo wao wakajiunga, mpaka wale wa kwanza walipoukaribia utu uzima. Hapo hawakupokea tena mtu, na wavulana waliofuata wakaanzisha kijiji chao wenyewe. Vijana hao walilima mashamba ya baba zao, na kwenda kula kwa mama zao kwa makundi. Walipooa, walileta wake zao, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Sababu kubwa ilikuwa heshima. Mwana hakupaswa kujua mambo ya usiku ya wazazi wake, na mke wa mwana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Tena watu walithamini sana ukwangala, yaani raha ya kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzi wa rika moja.

Ulipofika wakati wa kizazi kipya kushika madaraka, ilifanywa sherehe ya ubusoka. Wazee walikabidhi uongozi, wakuu wa vijiji vipya wakatawazwa, na ardhi ikagawanywa upya. Hivyo mahali pa vijiji na idadi ya watu wake vilibadilika kila kizazi.

Katika miaka ya 1930 wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliikuta desturi hii ingali hai, na mwaka 1951 Monica alitoa kitabu kuihusu. Lakini ilikuwa imekwisha anza kudhoofika. Kahawa ni mti wa kudumu, na aliyeupanda hakutaka kuuhama. Vijana wengi walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa. Watu wakaongezeka, ardhi ikawa haba. Kisha Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji maana nyingine: eneo lenye mipaka na kaya zisizopungua 250.

Kipimo hicho kina faida yake, maana shule na zahanati hazipangwi bila hesabu. Mimi niliyejaza fomu ofisini kwa miaka mingi sina ugomvi na takwimu. Lakini fomu haina nafasi ya kuandika nani alikuwa rika la nani. Basi, enyi walimu na wanafunzi, mkiandika habari za kijiji chenu, hesabuni nyumba. Kisha kaeni na wazee, muwaulize walijenga vibanda vyao vya kwanza wapi, na pamoja na nani.