Mawe ya Upareni: mafundi ambao hakuna anayewajua majina

Wadau, zile picha za mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine mnazijua. Mtu anasimamisha mnara wake kando ya mto, anapiga picha, anapost, basi kashakuwa msanii. Sikatai, ni sanaa kweli. Andy Goldsworthy wa Uingereza kapata jina dunia nzima kwa kazi za mawe, majani na hata barafu. Ukuta wake wa Storm King kule New York, wa mwaka 1997 hadi 1998, una urefu wa karibu mita 700. Na ulianza kwa kufuata mabaki ya ukuta wa zamani wa wakulima! Jina la Goldsworthy tunalo. La yule mkulima, hamna.

Sasa njoo kwetu. Ukitoka Dar kwa basi, ukishapita Hedaru na Makanya, milima yote iliyo mkono wa kulia ni Upare. Wengi tunalala hapo, tukiamka tunaulizia kama tumefika Same. Huko juu watu walishapanga mawe kwenye miteremko zamani sana, kabla hata ya Mjerumani. Hakuna simenti. Makubwa yanakaa chini, ukuta unaegemea mlima kidogo, vipande vidogo vinashindiliwa nyuma yake. Mvua ikinyesha, maji yanapenya katikati ya mawe lakini udongo unabaki. Ukiujenga wima kabisa, siku moja utaukuta bondeni.

Halafu kuna ndiva. Hili ndilo linaloniacha hoi. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Usiku maji ya mfereji yanaachwa yajae, asubuhi linafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Nyingi zilikuwa za ukoo, na ukoo ndio ulioamua nani atangulie. Pale Bangalala, chini ya Vudee, ndiva ya Manoo bado inatumika, ila siku hizi imetiwa simenti.

Tunawatania Wapare kwa ubahili, eti hata shilingi iliyodondoka watairudia. Mtu aliyekusanya maji ya usiku mzima ili asipoteze tone, mwite bahili ukipenda. Mimi namwita injinia.

Kinachonikera ni hiki. Ukuta wa namna hii hauhifadhiwi kwa kuutazama. Jiwe likidondoka linarudishwa, kila msimu, na mtu anayejua linakaa upande gani. Wanaojua wengi wao ni wazee, na wajukuu zao tuko huku Kariakoo na Sinza. Ukienda kule kupiga picha, tafadhali mnara wako ujenge kwa mawe ya mtoni. Usichomoe la ukutani. Ukilichomoa, mvua kubwa ya kwanza itaanzia hapohapo, na shamba litakaloondoka ni la bibi wa mtu.