Gavana, Mhariri na Boi

Mwaka 1912 reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika Tabora, na njia ya misafara, ile ya Ujiji hadi Bagamoyo iliyokanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi, ikaanza kufa. Hilo tulifundishwa shuleni. Hatukuambiwa kwamba gavana aliyeisukuma reli hiyo, Albrecht von Rechenberg, aliandamwa na kashfa ya mapenzi ya jinsia moja, wala kwamba nyuma ya kashfa hiyo kulikuwa na ugomvi juu ya jasho la Wanyamwezi.

Nimetunga mchezo wa mtu mmoja kuhusu kisa hicho. Nauigiza mwenyewe: kiti kimoja, kofia mbili, kanzu moja nyeupe.

Rechenberg alishika ugavana mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika. Alijua Kiswahili, aliwahi kuwa konseli wa Ujerumani Zanzibar. Aliamini kwamba mkulima Mwafrika akiachwa alime shamba lake, na reli ikamfuata, serikali itavuna zaidi kuliko kumswaga kwa kiboko. Macho yake yalikuwa Unyamwezi. Walowezi wa Usambara nao waliitazama Unyamwezi hiyohiyo, ila wao waliiona kama ghala la vibarua.

Msemaji wao alikuwa Willy von Roy wa gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Huko Berlin, mwandishi Maximilian Harden alikwisha kumwangusha Eulenburg, swahiba wa Kaisari, kwa tuhuma za kulala na wanaume, kosa chini ya kifungu cha 175 cha sheria ya jinai. Silaha ilikuwa imejaribiwa. Kufikia mwaka 1910 ilielekezwa kwa gavana: eti analala na watumishi wake Waafrika. Roy alitiwa hatiani kwa kumkashifu, lakini neno likitoka halirudi.

Ingekuwa rahisi kumfanya Rechenberg shahidi wa haki za wapenzi wa jinsia moja. Harakati zenyewe zilikuwepo: Magnus Hirschfeld alianza kudai kifungu cha 175 kifutwe tangu mwaka 1897. Mimi sikutaka. Kama tuhuma zile zilikuwa za kweli, boi wa gavana angesemaje hapana? Na kama zilikuwa za uongo, nani alimwomba radhi yeye, ambaye mwili wake uligeuzwa hoja ya wazungu wawili wanaogombea karanga na vibarua? Ndiyo maana katika mchezo wangu kanzu ndiyo inayozungumza zaidi. Nimemtunga huyo boi, na jina sijampa.

Niliupeleka muswada kwenye tamasha moja. Sheria yetu ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 inataka mchezo upate kibali kwanza, na watayarishaji hawapendi kubahatisha. Nadhani walikumbuka pia Kampala, mwaka 2012, ambako mchezo wa The River and the Mountain ulimponza mtayarishaji wake, David Cecil: alikamatwa, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini.

Mzee wa kamati alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kiti.

“Mwanangu, reli nzuri. Ugomvi wa walowezi mzuri. Mtoe huyo boi.”

“Mzee, nikimtoa, Roy anapigana kwa kitu gani?”

“Kwa kalamu. Inatosha.”

Simlaumu sana. Ujerumani ilikifuta kabisa kifungu cha 175 mwaka 1994. Miaka minne baadaye, mwaka 1998, sisi tuliongeza adhabu ya kifungu chetu cha 154, tulichoachiwa na Waingereza, ikawa si chini ya miaka 30 na inaweza kufika maisha. Mchezo si kosa hilo, lakini nani anataka kwenda kueleza tofauti hiyo kituoni?

Niliuondoa muswada. Badala yake niliusoma uani kwa rafiki, Tabora, chini ya mwembe, bila tiketi, kwa watu wachache waliokaa kwenye mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Mstaafu mmoja wa reli alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani kalala. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: huyo boi alikuwa analipwa kiasi gani?

Sasa ndiyo sentensi ya kwanza ya kanzu. Anamuuliza gavana, kwa Kiswahili, na gavana anakielewa.