Kasi na uwiano: Mvutano ndani ya chipu za kubana data

Kubana data ni kuiandika taarifa kwa biti chache kuliko ilizokuwa nazo awali, bila kupoteza hata herufi moja. Katika tarakilishi nyingi kazi hiyo hufanywa na programu. Hata hivyo, katika mitambo inayopokea data kwa mfululizo, kwa mfano ile inayorekodi nakala za akiba kwenye kanda za sumaku, hukabidhiwa chipu maalumu.

Programu ina uhuru ambao chipu haina. Zlib, mojawapo ya programu zinazotumika sana ulimwenguni, humpa mtumiaji viwango kuanzia 1 hadi 9. Akichagua 9, faili hupungua zaidi, ila prosesa huchukua muda mrefu. Asiye na haraka hapotezi kitu.

Kanda haingoji. Mtambo wa LTO wa kizazi cha 6, uliotolewa mwaka wa 2012, huandika megabaiti 160 kwa kila sekunde. Data ikibanwa kwa uwiano wa 2.5 kwa 1, chipu yake hulazimika kumeza megabaiti 400 kwa sekunde ili kanda isikose cha kuandika. Ikikosa, injini husimama, kanda hurudishwa nyuma kidogo, kisha huanza kusonga tena. Mwendo huo wa kwenda na kurudi hupoteza muda na kuichakaza kanda. Kwa sababu hiyo mhandisi huipanga kasi kwanza, kisha hutafuta uwiano bora zaidi unaoweza kupatikana bila kuivuka.

Mbinu yenyewe ilibuniwa na wasomi wawili wa Israel, Jacob Ziv na Abraham Lempel, waliochapisha maelezo yake mwaka wa 1977. Badala ya kuliandika neno upya linapojirudia, mtambo huandika maagizo mafupi. Neno "wanafunzi" likitokea mara ya pili, huandikwa tu: rudi nyuma herufi 40, nakili herufi 9. Sehemu ya data iliyopita inayoweza kurejelewa hivyo huitwa dirisha, na dirisha likiwa pana, uwezekano wa kupata marudio huongezeka.

Gharama iko hapa. Ili chipu isichelewe, haiwezi kulipekua dirisha hatua kwa hatua kama programu. Njia mojawapo ni kuilinganisha baiti mpya na baiti zote za dirisha kwa wakati mmoja, jambo linalohitaji kila baiti iliyohifadhiwa iwe na kilinganishi chake. Silikoni huliwa upesi kwa mtindo huo, na umeme pia. Mitambo ya kwanza ya LTO iliridhika na dirisha la baiti 1,024 pekee, ilhali mbinu ya Deflate inayotumiwa na Zlib ina dirisha la kilobaiti 32. Dirisha la mitambo ya LTO lilipanuliwa katika kizazi cha 6, na ndipo uwiano unaotangazwa ulipopanda kutoka 2 kwa 1 hadi 2.5 kwa 1.

Njia nyingine ni kuweka jedwali linalokumbuka mahali machache tu ambapo herufi fulani zilionekana karibuni. Jedwali hilo huruhusu dirisha pana kwa silikoni kidogo, lakini mara kwa mara marudio marefu hupita bila kuonekana. Hasara hiyo hukubaliwa kwa makusudi.

Mvutano huo hujitokeza tena katika hatua ya pili, ambapo alama zinazotokea mara nyingi hupewa misimbo mifupi kwa mbinu ya David Huffman ya mwaka wa 1952. Misimbo bora hupatikana baada ya kuhesabu alama zote za fungu zima, maana yake fungu lihifadhiwe kwanza, lihesabiwe, ndipo libanwe. Misimbo iliyopangwa kiwandani haihitaji kusubiri, lakini hailingani barabara na data yoyote. Njia ya kati ni kuhesabu sehemu ya mwanzo tu na kuichukulia kuwa mfano wa iliyosalia.

Je, kuna haja ya kuhangaika hivyo ilhali prosesa za kisasa zina nguvu? Matokeo ya kampuni ya IBM yanajibu. Mwaka wa 2020 wahandisi wake walieleza kwamba kitengo cha kubana data kilichowekwa ndani ya prosesa za POWER9 na z15 huchukua chini ya asilimia 0.5 ya eneo la chipu, ilhali kasi yake ni mara 388 ya Zlib inayoendeshwa na kiini kimoja cha prosesa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Microsoft iliuchapisha hadharani mchoro wa chipu wa mradi wake wa Zipline, ikilenga uwiano mkubwa kuliko wa Zlib bila kupunguza kasi.

Kwa mnunuzi, jambo la kuangalia ni maandishi ya kwenye kasha. Kanda ya LTO ya kizazi cha 9, iliyotoka mwaka wa 2021, hubeba terabaiti 18, lakini hutangazwa kuwa ya terabaiti 45. Tarakimu hiyo ya pili ni matumaini. Hifadhidata na maandishi huweza kuifikia; picha za JPEG na video, ambazo zilikwisha kubanwa, haziikaribii. Anayehifadhi video apige hesabu kwa 18.

Data isiyobanika ina hatari nyingine: ikilazimishwa, huongezeka ukubwa badala ya kupungua. Chipu za LTO huitambua na kuipitisha jinsi ilivyo.

Data iliyosimbwa kwa ajili ya usiri iko katika kundi hilohilo, kwa kuwa usimbaji hufuta marudio yote. Ndiyo maana mitambo ya LTO yenye uwezo wa kusimba, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2007 na kizazi cha 4, hubana kwanza kisha husimba. Kampuni inayosimba data yake kwenye tarakilishi kabla ya kuituma kwa mtambo huwa imeiachia chipu ya kubana kazi isiyowezekana, na hutumia kanda nyingi zaidi.