Mkorosho Usiachwe Peke Yake

Ndugu zetu wa Mtwara, mlio nyumbani na mlio mbali,

Wengi wetu tumesomeshwa na korosho. Ada, sare na nauli ya kwenda Dar es Salaam vilitoka chini ya mti huo. Basi tunapofunga hesabu za chama mwaka huu, tukague pia akiba tusiyoiona: uhai wa udongo wetu.

Mkorosho ni mgeni. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16. Wazee wetu waliupanda kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakichanganya na muhogo, kunde na mbaazi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, nyingi kutoka kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijijini na mikorosho ikabaki porini. Mwaka 1979 ugonjwa wa ubwiriunga ukaonekana nchini. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka hadi tani 17,000 hivi.

Salfa ya unga ilisaidia kuiokoa mikorosho, na hatusemi iachwe. Lakini kila dawa ina gharama yake. Unga ukianguka chini, bakteria wa udongoni huugeuza kuwa tindikali. Utafiti uliofanywa kusini mwa Tanzania miaka ya 1990 ulionyesha kuwa udongo wa mashamba yaliyopuliziwa salfa ulikuwa umeongezeka ukali. Mchanga wetu wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na bonde la Ruvuma, hauna nguvu kubwa ya kuzuia ukali huo. Nao ukizidi, bakteria wengi wanaorutubisha ardhi hudhoofika.

Hapo ndipo mchanganyiko wa miti unapokuwa na maana. Majani ya kila mti yana chakula chake: mengine huoza upesi, mengine polepole, na kila aina huvuta bakteria wake. Shamba la mti mmoja huwalisha wachache. Tena jamii ya kunde ina siri mizizini. Ukiing'oa mbaazi kwa uangalifu utaona vinundu vidogo. Humo bakteria huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea.

Mpingo nao ni wa jamii hiyo hiyo. Mti uliolipatia jina la Wamakonde sifa duniani kwa vinyago, na unaotengenezewa klarineti Ulaya, ukiwa hai hurutubisha ardhi kimyakimya. Tumeukata vizazi kwa vizazi. Tulioupanda ni wachache.

Si kila mchanganyiko unafaa. Miti ikibanana hunyang'anyana maji, na mkorosho hutaka jua; ndiyo maana wataalamu hushauri nafasi ya mita 12 kwa 12. Mbaazi na kunde zikae katikati ya mistari mikorosho ikiwa michanga. Mpingo ukae mipakani, maana unakua polepole mno; atakayeuvuna ni mjukuu.

Mchango wa mwaka huu ni wa kitalu cha miche ya mpingo na mbegu za mbaazi kwa wakulima wetu. Korosho ilitulipia sisi bila kutuuliza risiti. Sasa ni zamu yetu kuulipa udongo, ili na watoto wa wadogo zetu wasomeshwe nao.

Karibuni tuchange. Haba na haba hujaza kibaba.