Walituonya 2006, Hatukusoma

Ukitaja Geneva hapa Kagio jibu ni moja: "Hao wazungu hawajui hata bei ya nyanya." Sawa, hawajui. Lakini leo nataka tuongee kuhusu wakati Waafrika wenzetu walikuja, wakatuangalia vizuri, wakatuambia tunaumwa wapi, na sisi tukafungia hiyo karatasi kwa kabati.

Turudi 2003. Kibaki, mtu wa Othaya, ana miezi tu Ikulu. Kenya inajiunga na Mpango wa Afrika wa Kujitathmini Kiutawala Bora, ule unaitwa APRM. Kuuelewa, fikiria chama cha shosho yako. Kila mwanachama anafungua kitabu chake mbele ya wengine. Anayekuuliza deni lako leo, kesho ataulizwa lake. Hakuna polisi wala korti. Kuna aibu tu, na kile kilichoandikwa.

Kenya ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa kukaguliwa. Aliyeongoza ukaguzi wetu ni Graça Machel, mama aliyewahi kuwa waziri wa elimu Msumbiji. Tarehe 30 Juni 2006, kule Banjul, Gambia, Kibaki akaketi na marais wenzake na ripoti ya Kenya ikajadiliwa. Ilisema nini? Ukabila. Ardhi. Ufisadi. Katiba inayohitaji kurekebishwa. Vijana bila kazi. Utasema hakuna jipya hapo, hata makanga angekuambia. Ni kweli. Tofauti ni kwamba sasa ilikuwa imeandikwa, serikali ikiwa mezani, na hakuna mtu angesema hakuambiwa.

Miezi 18 baadaye, 27 Desemba 2007, tukapiga kura. Kilichofuata mnakijua: watu zaidi ya 1,100 waliuawa na zaidi ya nusu milioni wakafukuzwa makwao. Mimi nilikuwa mdogo sana, lakini nakumbuka nyumba ya shosho ikijaa ghafla watu kutoka Bonde la Ufa. Kulikuwa na mtoto wa rika langu ambaye mlango ukifungwa kwa nguvu alikuwa anaingia chini ya meza. Hakuna mtu alimcheka.

Sasa angalia hii. Januari 2008 Umoja wa Afrika unatuma watu watatu kutupatanisha: Kofi Annan, Benjamin Mkapa, na Graça Machel. Mama ni yule yule. Mara ya kwanza alikuja na ripoti, mara ya pili alikuta tunazika. Tarehe 28 Februari mkataba ukatiwa sahihi, na kwenye ile Ajenda ya Nne, ya mambo ya muda mrefu, wakaorodhesha: katiba, ardhi, umaskini, kazi kwa vijana, umoja wa kitaifa. Ilikuwa karibu orodha ile ile ya 2006. Tuliinunua mara ya pili, na bei safari hii ilikuwa watu.

Ndiyo maana nikiskia mtu akisema ukaguzi wa kimataifa ni porojo, huwa nanyamaza kidogo kabla nijibu.

Ule wa Geneva, UPR, nao ulizaliwa 2006, pamoja na Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Huu hauna hiari: nchi zote 193, Marekani, Uchina, sisi, kila moja inapata zamu yake baada ya miaka minne au mitano. Mnaketi saa tatu na nusu. Nchi zingine zinauliza na kutoa mapendekezo. Serikali yako inajibu kila pendekezo kwa njia mbili tu: tumekubali, au tumelizingatia. Hakuna neno "tumekataa". Hilo la pili unalijua vizuri, ni tiki za bluu. Amesoma, hajibu.

Lakini Geneva wanajua ya huku vipi? Kuna mtu huwaambia. Oscar Kamau King'ara alikusanya habari za vijana waliouawa au kupotea wakati wa msako wa Mungiki, wengi wao wa huku kwetu mlimani. Akampa Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa aliyekuja kuchunguza mauaji ya polisi mwanzoni mwa 2009. Tarehe 5 Machi mwaka huo, King'ara na mwenzake Paul Oulu walipigwa risasi wakiwa kwa gari, karibu na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi. Mei 2010 Kenya ikakaguliwa Geneva mara ya kwanza, na mauaji ya polisi yalikuwa kati ya mambo iliyoulizwa. 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuunda IPOA, ya kuchunguza polisi. Sisemi IPOA imemaliza shida. Nasema kuna watu walilipa ndio hata hiyo iwepo.

Mfano wa tiki za bluu sasa. Februari 2007 Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa dhidi ya kupoteza watu kwa nguvu. Kutia sahihi si kuridhia, na nchi zingine zimekuwa zikituambia tumalizie hiyo kazi. Haikumalizwa. Halafu ikaja Juni 2024. Tume yetu wenyewe ya haki za binadamu, KNCHR, ikahesabu angalau watu 60 waliouawa, na vijana kadhaa waliotekwa, wengine kwa sababu ya chapisho kama hili. Mei 2025 Kenya ikaketi tena Geneva, mara ya nne, na hayo yakaulizwa.

Majibu ya serikali yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma. 2027 watakuja hapa soko na spika kubwa na fulana za bure. Chukua fulana, sina shida. Lakini uwe umesoma hiyo orodha, na uulize moja tu: ule mkataba wa watu kupotezwa, utaupigia kura Bungeni ama utatuachia tiki za bluu? Mara ya mwisho tulipoacha orodha kwa kabati, shosho alipanga magodoro hadi jikoni.